Miezi saba ya mazoezi ya alfajiri hapa Amu: kina mama tumepata, watoto wetu bado

Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera, mabuibui na sare za shule hapa Langoni, mtaa wa Amu, yaani mji wa Lamu, na huu ni mwaka wa 22 nimekaa kwenye kiti kile kile, mgongo umeinama, mguu kwenye cherehani, tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Msimu wa harusi, na siku za kukaribia Maulidi, nakaa mpaka usiku. Naanza na hilo ili msomaji ajue ni nani anayempa maoni haya. Si mtu wa michezo wala si mtu wa hospitali. Ni mama wa miaka 49 aliyezoea kukaa.

Mpango ninaoueleza ni ule wa mazoezi ulioletwa mitaani kwetu na watu wa afya. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya watu wazima, na huku kwetu waliojitokeza ni wanawake peke yao. Ya pili ni ya shule za msingi. Ile ya kwanza nimekuwa ndani yake kwa miezi saba. Ya pili naijua kupitia binti yangu wa mwisho, aliye gredi ya sita. Ya kwanza imenifaa na nitaisifu kama inavyostahili, kasoro zake pia nitazitaja. Ya pili imeniuma, na ndiyo hasa iliyonitoa kwenye cherehani nikaja kuandika.

Nilivyoingia ni hivi. Wahudumu wa afya ya jamii, hawa waliopewa mikoba mwaka 2023 yenye kipimo cha presha, kipimo cha sukari na mizani, hupita nyumba hadi nyumba. Wa mtaa wetu ni jirani na ni mteja wangu. Siku aliyokuja kuchukua dera lake alikuwa na mkoba begani, akaniambia nimpe mkono anipime. Ikatoka 158 kwa 96. Akasema, "Shangazi, tulia kitako dakika tano, usizungumze, nikupime tena." Mara ya pili 156 kwa 96. Hakunitisha. Aliandika karatasi, akanifuata siku tatu mpaka nikaenda kliniki.

Kule kliniki nilipewa vidonge, navyo nakunywa mpaka leo. Lakini muuguzi akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu: "Mama, kwa siku unakaa saa ngapi?" Nikahesabu. Saa tisa, kumi. Ndipo akanihadithia habari ya makanga wa London. Alikuwako daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, aliyechunguza wafanyakazi wa yale mabasi yao ya ghorofa mbili. Dereva amekaa siku nzima. Kanga anapanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Mwaka 1953 matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet: makanga walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Mji ni mmoja na basi ni moja, ila mmoja amekaa na mwenziwe anapanda ngazi. Morris mwenyewe aliishi miaka 99.

Kisa kile hakikunitoka. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mji wa kale, ina ngazi za mawe zilizosimama wima, 23 mpaka darini. Mama yangu alizipanda mara kumi kwa siku, na kuti la kufagilia mkononi. Mimi miaka kumi iliyopita niliteremsha cherehani chini karibu na daka la mlangoni ili wateja wasichoke kupanda. Nikawapunguzia wao ngazi, nami nikajinyima zangu bila kujua.

Sasa niwaeleze huduma yenyewe.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Walitupangia tukutane ukingoni mwa bahari saa kumi na moja jioni, na spika kubwa ya muziki. Siku ya kwanza tulikuja 11. Siku ya pili tulikuja wanne, na hao wanne tulisimama tumeshikilia mabuibui yetu hatujui pa kuweka macho. Anayeijua Amu anaijua saa hiyo: mabaraza yamejaa wanaume, mashua zinarudi kutoka Manda, wageni wanapita na simu zao za kupigia picha. Hakuna mke wa mtu atakayeruka pale.

Waliosimamia wangeweza kusema wanawake wa Lamu hawataki mazoezi, wakafunga virago. Nimeona mipango mingi ikifa hivyo. Hawa walituita tukakaa, wakauliza. Mvyele mmoja, yaani mama mzee, wa mtaa wa Mkomani, mwenye umri wa kupita 70, akawajibu: "Mwanangu, hatukukataa kuya. Tupeni mahala pa sitara." Ikawa. Tukapewa kiwanda, yaani ua, cha chuo kimoja cha Kurani, chenye kuta nne ndefu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, watu wameshasali alfajiri na watoto wa chuo hawajafika. Siku ni Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Spika ikaondoka. Mwalimu ni mwanamke. Mwezi wa pili tulikuwa 34. Hivi sasa kwa wastani huja 26.

Kwa hilo peke yake nawapa nyota nne kabla sijasema lolote jingine.

Kila kipindi ni dakika 45, nasi hatuna chombo hata kimoja cha kununua. Kitu tunachokitumia zaidi ni baraza. Lile baraza la mawe lililozunguka kiwanda, ambalo tangu utoto nimelijua kuwa ni pa kukalia na kuzungumza, limekuwa ndilo chombo chetu. Kwanza unakaa, unapachika mikono kifuani, unasimama bila kushika popote. Unakaa tena, unasimama tena. Siku ya kwanza nilisimama mara sita nikawa nimekwisha, mapaja yanatetemeka kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji kutoka kisimani. Hivi leo ni 17 katika nusu dakika. Kisha tunapanda baraza kwa mguu mmoja na kushuka, mguu kwa mguu, na waliozidi umri wanashika ukuta. Kisha wazee husimama kwa mguu mmoja, mmoja akihesabu, kwa kuwa kuanguka kwenye ngazi zetu hizi ndiko kunakovunja nyonga za wazee wetu. Yule mvyele wa Mkomani alianza na sekunde tatu. Juzi alifika 19, tukampigia vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani.

Uzito wa kunyanyua ni chupa za maji. Mwanzo mwalimu alisema tujaze mchanga, maana mchanga ni mzito zaidi. Kina mama wakamkatalia papo hapo: mchanga wa vilima vya Shela hauguswi, ndio unaotuhifadhia maji ya kunywa ya mji huu. Tukajaza maji. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo, ya lita moja ni kilo moja, na anayetaka kuongeza anashika mbili. Tukimaliza tunayamwagia mkomamanga wa chuo.

Na ngoma. Hili lilitoka kwetu wenyewe. Spika ilipoondoka, kipande cha kuchangamsha mwili kikawa kikavu, tunapiga hatua kimya kama askari. Siku moja mama mmoja akaja na pembe na kijiti chake, akaanza kupiga vugo, ngoma yetu ya kina mama ya harusini. Nani atasimama tuli akisikia vugo? Dakika kumi na tano zilipita hatukujua. Mwalimu ana kipimo chake cha kujua kama tumefika kiasi kinachotakiwa: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba wimbo wote, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Kwa watu wa vugo kipimo hicho ni kizuri sana, kwa sababu unajua mara moja ni nani amenyamaza kwa kuhema na ni nani anayeimba kwa raha zake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Sisi mara tatu kwa dakika 45 ni 135. Dakika zilizobaki kila mtu hujitafutia. Mimi Ijumaa asubuhi natembea na jirani yangu kuelekea Shela, dakika 40 hivi kwenda, na kurudi tukiwa na nguvu. Zamani mji mzima ulikuwa ukitembea. Sasa pikipiki zimeingia kisiwani, na mtu mzima mwenye miguu yake miwili hupanda pikipiki kwa mwendo ambao bibi yake aliutembea na mtungi kichwani.

Niseme habari ya nguo, maana hapa nina haki ya kusema. Wiki za mwanzo niliona wenzangu wawili wakijikwaa kwenye pindo za dera wakipanda baraza. Mmoja alichubuka goti vibaya. Nikarudi nyumbani nikakata suruali pana ya pamba, kiuno cha mpira, mguu umekusanywa kidogo kwenye kifundo, urefu unaishia juu ya kiatu. Juu yake unavaa dera lililofupishwa mpaka chini ya goti, na buibui lako unalivua ukishaingia kiwandani. Nilishona moja nikavaa mwenyewe. Wiki iliyofuata nilikuwa na maagizo 12. Sikuchukua ujira, kitambaa walileta wao. Wanaosimamia mipango kama hii mahali pengine pwani, naomba mlitilie maanani: kabla ya spika na fulana zenye maandishi, ulizeni watu watavaa nini.

Upande wa usalama wako makini, na hapo muuguzi ndiye nguzo. Mlangoni kila mtu hupimwa presha. Aliyezidi 180 kwa 110 hafanyi zoezi siku hiyo, anaambiwa apumzike, na wakati mwingine anapelekwa kliniki. Wenye sukari wanaochoma insulini, au wanaomeza baadhi ya vidonge vya kuishusha, huambiwa waje na tende mbili tatu mfukoni, kwa sababu zoezi linaweza kuiteremsha ghafla. Muuguzi alitueleza sababu kwa lugha nyepesi: msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kungoja insulini, na baada ya hapo mwili huendelea kuipokea insulini vizuri kwa siku moja mpaka mbili. Ndiyo maana hatutakiwi kupitisha zaidi ya siku mbili mfululizo bila zoezi. Wenye sukari pia hawaruhusiwi kuja pekupeku. Mguu uliopoteza hisia ukikatwa na jiwe hausemi, na vichochoro vyetu vina mawe, misumari na samadi ya punda.

Kuna jambo jingine nitalisema wazi kwa sababu nusu ya kina mama wanalificha. Tuliozaa, tukiruka, mkojo hutuponyoka. Wako waliokatika mazoezini kwa aibu hiyo tu, na sababu waliyoitoa ni kazi za nyumbani. Muuguzi alipolijua alitukalisha siku nzima kulizungumza, akatufunza kukaza misuli ya chini, kuikaza kama mtu anayezuia haja, ukahesabu mpaka tano, ukaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Tena akaondoa kuruka kwa anayetaka, akaweka kupiga hatua pembeni. Watatu walirudi. Mimi nafanya yale mazoezi nikiwa kwenye cherehani, hakuna anayejua.

Mimi binafsi nimepata nini? Presha yangu mwezi uliopita ilikuwa 136 kwa 84, na vidonge ni vile vile havikuongezwa. Kiuno nilijipima kwa futi yangu ya kazini, ile ile ninayowapimia wateja, ikashuka kutoka inchi 41 hadi 38 na nusu. Kwenye mizani nimepungua kilo mbili tu. Magoti yaliyokuwa yakilia nikipanda darini yamenyamaza. Na cherehani nimeirudisha ghorofa ya kwanza. Wateja waliolalamika nimewahadithia habari ya makanga.

Kasoro sasa. Ya kwanza ilitokea mwezi wa mwanzo, nami sijaisahau. Alikuja msaidizi kijana kutoka ofisi moja kupima uzito, na kila aliyepanda mizani alisomewa kilo zake kwa sauti ili mwenziwe aandike. Watu 20 wanasikia. Jirani yangu alisomewa, kukawa na kicheko mahali fulani nyuma. Alivaa buibui lake, akatoka, hajarudi. Nilikwenda kwake mara nne. Ananiambia, "Dada, siku nitakayopungua nitakuja." Hiyo ndiyo hasara yenyewe, kwamba mtu aondoke na fikra kuwa mazoezi ni ya kupunguza kilo, na asipopungua hana haki ya kuja. Moyo, presha, sukari, usingizi, mifupa, vyote hupata faida hata kilo zisiposhuka. Tulilalamika, na sasa mizani imewekwa chumbani na kila mtu anaandika mwenyewe. Lakini yule dada tumempoteza.

Kasoro ya pili ni kuwa mpango umesimama juu ya mabega ya watu wawili, mratibu na muuguzi. Mratibu alipohamishwa, wiki tano hakuna aliyejua mlango utafunguliwa na nani. Tulisalimika kwa sababu kina mama sita tulikuwa tumeshajifunza kuongoza, tukaendelea wenyewe na chupa zetu. Muuguzi aliporudi alitukuta tuko 19. Mpango wowote usiowafundisha wenyeji kuongoza, mratibu akihama nao unahama.

Ramadhani waliipanga vizuri, tulikuwa tukikutana baada ya tarawehe, dakika 25 za taratibu. Masika yaliwashinda, kiwanda kilijaa maji na hawakuwa wamefikiria pa kwenda. Wanaume hawakuja hata mmoja, nao hawajaandaliwa kitu cha maana zaidi ya tangazo. Wavuvi na mahamali hawahitaji kuambiwa wanyanyue chupa, lakini wale wanaokaa barazani tangu adhuhuri mpaka magharibi, presha zao ni kama zangu zilivyokuwa. Hilo nawaachia wao walisemee.

Nije shuleni.

Tulipokutanishwa na wazazi wenzangu mwanzo wa mwaka tulielezwa vizuri sana. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za mwendo unaomfanya ahemewe, na angalau siku tatu kwa wiki awe na kuruka, kukimbia, vitu vinavyojenga mifupa na misuli. Tulielezwa kuwa duniani, katika vijana wa miaka 11 hadi 17, 81 kati ya 100 hawafikii kiasi hicho, na wasichana ndio walio nyuma zaidi, 85 kwa 100. Tukaambiwa shule zimepewa mipira na kamba za kuruka. Nilirudi nyumbani nina furaha.

Nikampa binti yangu daftari dogo, nikamwambia aandike kila siku ya shule, kwa wiki mbili, amecheza nini na kwa muda gani. Sikuwa na nia ya kumtafuta mtu makosa. Nilitaka tu kujua. Daftari lile ninalo. Vipindi vya michezo kwenye ratiba vilikuwa vinne. Kilichofanyika ni kimoja. Viwili viliingia hesabu, na kimoja mwalimu alikuwa na mkutano. Na hicho kimoja kilichofanyika, ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Alhamisi. Wavulana walipewa mpira. Sisi tulikaa kwenye kivuli cha ukuta. Nilitembea kwenda msalani na kurudi."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Mtoto wa miaka 11, mwepesi, ambaye nyumbani hupanda ngazi mbili mbili, siku nzima ya michezo yake ni kwenda msalani.

Asiyeyajua maisha ya watoto wetu atasema acheze akirudi nyumbani. Saa ngapi? Akitoka shule anavua sare, anatia chakula mdomoni, anakwenda chuoni mpaka karibu na magharibi. Baada ya magharibi kuna kazi za shule. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni chuo tena. Sitaki apunguziwe chuo, nilisoma mimi na atasoma yeye. Lakini mtu akishaijua ratiba hii ataelewa kuwa kile kipindi cha shuleni ndicho pekee alichonacho mtoto wa Amu, na hasa msichana, ambaye akishafika miaka 12 hawezi tena kucheza kati uwanjani na kaka zake. Ukikichukua kile ukampa hesabu, hujamwahirishia mchezo. Umemnyang'anya.

Kuna na jambo la sare, ambalo linanihusu. Shule iliagiza kila mtoto awe na nguo maalumu za michezo, tena za rangi moja. Wazazi wanne walinijia wakaniomba niwashonee kwa deni. Wengine hawakuja kwa sababu hata deni hawaliwezi. Asiyekuwa na nguo hizo anawekwa pembeni. Kwa hivyo nguo ya michezo imekuwa ndiyo sababu ya kutocheza. Mimi ndiye ningefaidika kwa kuzishona, na nasema ziondolewe.

Na zile kamba. Nilipopeleka sare za gredi ya kwanza nilizikuta ofisini, juu ya kabati, 20, bado ziko ndani ya nailoni. Nikauliza kwa adabu. Nikajibiwa kwa adabu pia: "Mama, mwaka huu ni wa tathmini. Kamba zikitoka zitapotea." Simlaumu mwalimu mmoja mmoja, wana madarasa makubwa na wanaulizwa alama, hawaulizwi dakika. Lakini kuongeza muda wa michezo hakushushi alama za watoto, hilo limechunguzwa tena na tena. Na kamba iliyopotea imeruka angalau mara moja.

Ubaya ninaouona ni kwamba sehemu ya mtaani waliuliza watu, na sehemu ya shule walipeleka mizigo. Mipira ilishushwa, picha ikapigwa, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kuuliza msichana anakaa wapi mpira unapochezwa. Kwa hiyo sehemu hii naipa nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa maelezo mazuri ya siku ya kwanza.

Dawa ipo, na haina gharama. Mwaka 2012 mwalimu mkuu mmoja wa Scotland, Elaine Wyllie, katika shule ya St Ninian's mjini Stirling, aliona watoto wake wanachoka upesi. Akaanza kuwatoa nje kila siku kwa dakika 15, kila mmoja akimbie au atembee kwa kasi yake. Hakuna kubadilisha nguo, hakuna mpira, hakuna mshindi. Wanatoka na sare zao, wanazunguka, wanarudi darasani. Inaitwa The Daily Mile, na maelfu ya shule katika nchi nyingi zimeifuata. Kule wanapambana na baridi, hapa tutapambana na jua, basi sisi tufanye asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, ua ukiwa bado na kivuli. Dakika 15 kwa siku tano ni 75 kwa wiki. Hazifikii 60 za kila siku, lakini ziweke karibu na kutembea kwenda msalani uone tofauti. Na wavulana wanaotaka kitu cha kiume, wazee wa kuwafunza kirumbizi bado wako hai mjini humu. Fimbo mbili, miguu myepesi, na jasho la kutosha.

Tumeandika barua, kina mama tisa wa kiwandani tumetia sahihi. Tumeomba mambo mawili tu: zile dakika 15 za asubuhi, na ruhusa ya kuja wawili wawili siku za Alhamisi kuwashikia wasichana kamba nyuma ya jengo la madarasa, kwenye sitara. Kama kamba zikipotea tumeahidi kuleta nyingine, kamba ya minazi haikosekani Amu. Barua ilipokelewa wiki iliyopita.

Anayetaka kujiunga na kina mama aje Jumamosi, mlango unafunguliwa saa kumi na mbili. Hakuna ada wala fomu. Aje na chupa ya maji, ndara zenye mkanda wa nyuma, na kama anameza dawa yoyote amwambie muuguzi mlangoni. Asiyekuwa na suruali apite kwangu na mita mbili na nusu za pamba.

Binti yangu ameniuliza kama naye anaweza kuja. Nimemwambia aje. Nimempima jana usiku: kiuno inchi 24, urefu 34. Nimeacha pindo la inchi mbili kwa ndani, kwa sababu bado anarefuka.